Kuanza Sesotho ukiwa na Kiswahili: nianzie wapi?

Njia_ya_Maseru:
Wakuu, nahamia Maseru, Lesotho, kikazi na lugha yao, Sesotho, sijui hata salamu. Sehemu moja naona "dumela", nyingine "lumela". Ipi sahihi? Nina saa moja kila jioni. Nianze na nini, na sisi wa Kiswahili hukwama wapi?

Ufizi:
Zote sahihi, na zote husomwa "dumela". Lesotho huandika li na lu lakini hutamka di na du. Afrika Kusini huandika kama inavyotamkwa. Ndivyo ilivyo pia kwa khomo na kgomo (ng'ombe), ngoana na ngwana (mtoto), joang na jwang (vipi). Unakwenda Maseru, basi shika tahajia ya Lesotho. Kitabu cha Afrika Kusini ukikipata kitumie, ila daftari lako liwe na tahajia moja tu.

Wiki mbili za mwanzo zipe matamshi, usikimbilie msamiati. Th si ile ya "thamani", na ph si f: ni t na p zenye pumzi. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Ukisema "motho" (mtu) karatasi itikisike. Ukisema "ntate" (baba) itulie. Hiyo o ya motho inaelekea u, karibu "muthu". Kwa hl, weka ulimi kama unasema l, kisha puliza hewa ipite pembeni bila kutoa sauti kooni: "hlooho", kichwa. Q ni kidoko, ulimi unabandikwa juu nyuma ya ufizi na kubanduliwa kwa nguvu: "ho qala", kuanza.

Ngeli_Kwanza:
Naongezea sarufi, maana hapo ndipo Kiswahili kinakubeba. Motho/batho, ngoana/bana, leino/meno (jino). Sekolo ni shule, sekolong ni shuleni. Ho rata ni kupenda, ho ratana kupendana. Ho ruta ni kufundisha, ho ithuta kujifunza: i hiyo ni "ji" yetu, na inageuza r kuwa th. Kila nomino iandike pamoja na wingi wake tangu siku ya kwanza.

Sasa mitego. Ukiulizwa "U phela joang?" (hujambo?) unaweza kujibu "Kea phela", au "Ke phela hantle". Angalia a ilivyopotea. Kitenzi kikifunga sentensi, a inakuwepo. Kikifuatwa na neno, kwa kawaida inaondoka: kea bua (nasema), lakini ke bua Sesotho. Sisi "na" yetu haiondoki, kwa hiyo tunaibandika a kila mahali.

Mtego wa pili ni wanyama. Kwetu mbwa anakuja kama mtu anavyokuja. Kwao motho oa tla, lakini ntja ea tla, na lintja lia tla. Mnyama hufuata ngeli yake, hapandishwi kuwa mtu.

Ukanushi ni mwepesi: ha ke bone, sioni, ha ke tsebe, sijui. Sisi tunamalizia kwa i, wao kwa e.

Njia_ya_Maseru:
Asanteni sana. Na toni? Kiswahili hatuna, ninaogopa.

Ufizi:
Isikuzuie kuanza, ila usiidharau. "U batla eng?" ni unataka nini, "O batla eng?" ni anataka nini. Irabu ni ileile. U ya "wewe" ni ya chini, o ya "yeye" ni ya juu. Tahajia ya Lesotho inakutofautishia kwa macho, ya Afrika Kusini inaandika o zote mbili. Chagua sentensi tano za namna hiyo, msikilize mzungumzaji, jirekodi, linganisha. Usizisome kimoyomoyo.

Ngeli_Kwanza:
Na salamu usiiache tupu: "Lumela ntate" kwa mwanamume, "Lumela 'm'e" kwa mwanamke, hata muuza duka. Wakiwa wengi, "Lumelang".