Mrejesho: meza ya kupigia pasi imepona

Habari zenu ndugu zangu. Niliomba ushauri kuhusu meza ya kupigia pasi iliyochanika kitambaa, sponji ikawa inamomonyoka, na pasi iliyokuwa ikiacha madoa ya kahawia kwenye nguo nyeupe. Asanteni sana, vyote vimepona na sijanunua kipya.

Meza nimeivalisha shuka kuukuu la pamba tupu, chini yake blanketi la sufu. Aliyesisitiza pamba alikuwa sahihi kabisa, maana poliesta huyeyuka pasi ikiwa kali. Kazi yote iko kwenye pindo. Nilikata shuka likazidi ubao kwa kama sentimita 10 kila upande, nikashona pindo la kupitishia kamba, nikageuza ubao na kuvuta hadi kitambaa kikakaza kama ngoma. Mikunjo ya kwenye ncha isawazisheni kwa vidole kabla ya kufunga fundo, la sivyo itajichora kwenye kola.

Pasi niliichomoa, ikapoa, nikaisugua kwa kitambaa chenye siki. Uchafu ukatoka.

Kuna mliosema niache kabisa kupiga pasi, nikung'ute nguo zikiwa mbichi na kuzianika kwenye hanga. Kwa fulana na mashuka nimekubali, umeme nao unapona. Ila shati la kazini siachi, napenda kulivaa likiwa limenyooka. Nalipiga likiwa bado na unyevunyevu, mikunjo hutoka upesi.