Nimevunjwa mkono na mabaunsa: kesi ya polisi, madai ya fidia au tusuluhishane?

Fundi wa Umoja
Wadau, hamjambo. Ijumaa usiku tulikuwa kwenye kilabu kimoja Westlands, Nairobi, tukimuaga mwenzetu wa karakana anayehamia Eldoret. Bili ilipokuja ilikuwa na chupa mbili ambazo hatukuagiza. Nikaomba kuongea na meneja. Waliokuja ni mabaunsa wanne. Walinibeba mzobemzobe hadi kwenye ngazi za nyuma, wakanipiga mateke nikiwa chini. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika na nyusi imeshonwa nyuzi sita. Mimi ni fundi cherehani, huu mkono ndio unaowalisha watoto wangu.

Jumamosi niliandikisha ripoti, nikapata namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ila haijajazwa. Mjomba anasema nikomae na kesi ya polisi. Jirani anasema niende Mahakama ya Madai Madogo. Jana meneja amepiga simu, ati tukutane tuyamalize, ananipa elfu 40. Nishike njia ipi?

Wakili Ngara
Pole sana, ndugu. Kwanza elewa kwamba njia mbili za kwanza, polisi na fidia, hazigombani, unaweza kuzishika zote. Kesi ya jinai ni ya Serikali dhidi ya waliokupiga, na wewe ni shahidi. Kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu kinampa aliyemjeruhi mwenzake kifungo cha hadi miaka 5. Daktari akiandika kwenye P3 kwamba ni madhara makubwa, hapo ni kifungu cha 234, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Ndiyo maana P3 haifai kulala mfukoni.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba mwendo hauko mikononi mwako. Mpelelezi akihamishwa, unangoja. Na ushahidi lazima umwondolee hakimu shaka yote ya maana. Kwenye madai ya fidia inatosha maelezo yako yawe na uzito kuliko yao, na unayemshtaki si baunsa pekee: mwajiri hubeba kosa ambalo mfanyakazi wake amelitenda akiwa kazini.

Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake ya 2016 inataja fidia ya majeraha waziwazi. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Ukiona hasara yako inapita milioni, nenda kwa hakimu wa kawaida. Muda wa kushtaki kwa madhara ya aina hii ni miaka 3, lakini usiukalie.

Mama Shiru
Kaka, usiguse hizo elfu 40! Mdogo wangu alipigwa vivyo hivyo, akapewa pesa na karatasi ya kutia sahihi. Aliona ni stakabadhi tu. Baada ya miezi mitatu mguu ukahitaji upasuaji, na wenye baa wakatoa ile karatasi: alikuwa ameandika kwamba hana dai lolote tena. Nililia kuliko yeye.

Nesi wa Zamu
Ongezea hapo: mfupa wa kifundo hauonyeshi hasara yake yote wiki ya kwanza. Hakuna anayejua leo kama vidole vitarudi kushika sindano vizuri. Beba picha za eksirei na kadi ya matibabu ya usiku ule unapokwenda kujaziwa P3, kwa sababu daktari anategemea kumbukumbu hizo. Piga picha nyusi kabla nyuzi hazijatolewa. Nguo zenye damu usizifue.

Nilisimama Mlangoni
Nilifanya kazi ya ubaunsa miaka minne upande wa Thika Road, kwa hiyo nasema ninachokijua. Tulikuwa tunaagizwa kukimbilia polisi mapema na kusema mteja ndiye aliyeanza. Uliza kituoni kama kuna ripoti dhidi yako. La pili, kamera. Mashine hujifuta yenyewe ikijaa. Peleka barua leo uombe picha za ngazi za nyuma zihifadhiwe, taja saa, wakugongee muhuri kwenye nakala yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba picha zako, na mpelelezi naye aambiwe azifuate.

Baunsa hana ruhusa ya kuadhibu mtu. Akimkamata mteja kwa kosa, kazi yake ni kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mateke kwa mtu aliyelala hayamo.

Kamau wa Leseni
Je, kumlalamikia mwenye baa kwa kamati ya leseni za pombe ya kaunti? Au kwa mamlaka inayosajili walinzi?

Wakili Ngara
Inafaa kama shinikizo, hasa wakati wa kuhuisha leseni. Lakini haimlipi fundi hata shilingi. Iwe nyongeza.

Kuhusu kusuluhishana, siipingi. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inahimiza upatanisho, na kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinaruhusu korti kupatanisha watu katika shambulio la kawaida. Likiwa kosa kubwa, mlango huo hauko. Kwa vyovyote, mazungumzo yaje baada ya P3 na baada ya daktari kusema mkono utakuwaje, kwa maandishi, na aliyekuwakilisha asome kila mstari. Kama huna pesa za wakili, Kituo Cha Sheria husaidia wasiojiweza.

Fundi wa Umoja
Nimewasikia. Nitamshtaki nani hasa? Jina la kwenye bango sidhani ni la kampuni.

Nilisimama Mlangoni
Angalia ujumbe wako wa M-Pesa wa usiku ule, jina la till (namba ya malipo ya biashara) hujitokeza. Leseni pia hutundikwa ukutani. Ukishapata jina, tafuta kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali. Na uliza kama mabaunsa ni wa baa au wa kampuni ya ulinzi. Kama ni wa kampuni, washtaki wote wawili.

Mama Shiru
Na usisahau kitabu chako cha oda. Sare za shule ulizorudisha bila kushona ni hasara, ziandike moja moja.

Fundi wa Umoja
Ziko kumi na nane. Basi kesho ni P3, kisha barua ya kamera. Meneja nitamjibu kwamba daktari bado hajamaliza na mimi. Shida ni moja: siwezi kuandika, na kurudi pale peke yangu naogopa.

Mama Shiru
Barua nitakuandikia mimi. Nipo Buruburu, toka hospitali unipigie, tutaipeleka pamoja mchana kukiwa kweupe.