Skrini ya kompyuta mpakato inang'ang'ania pikseli 1024 kwa 768 kwenye Debian

Mwalimu wa Ujiji
Habari za kazi, wataalamu. Ninayo kompyuta mpakato ya mtumba yenye kadi ya picha ya Intel, ambayo fundi wa hapa Kigoma aliniwekea Debian 12, mfumo endeshi wa Linux. Kioo chake ni cha pikseli 1366 kwa 768, lakini picha inatoka 1024 kwa 768 na kuvutika kwa upana, kiasi kwamba duara ninalochora kwa somo la hisabati linakuwa kama yai. Kwenye mipangilio ya skrini hakuna chaguo jingine. Naomba njia isiyohitaji kusakinisha mfumo upya, maana bando ni ghali.

Mdau wa Tabora
Salaam, Mwalimu. Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `cvt 1366 768`, kisha mstari wa Modeline (vipimo vya picha) utakaoupata uupeleke kwenye `xrandr --newmode` na `xrandr --addmode`. Usishangae kuona 1368, kwa kuwa cvt hupandisha upana hadi namba inayogawanyika kwa 8.

Fundi wa Mwanga
Ndugu yangu wa Tabora, njia hiyo inafaa kwa skrini isiyoeleza vipimo vyake, kama projekta ya zamani ya waya wa VGA. Kioo cha ndani kwa kawaida hujitambulisha chenyewe, kwa hiyo chaguo likiwa moja tu, shaka yangu ya kwanza ni kwamba draiva halisi, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, haijapakiwa.

Mwalimu, andika `lspci -k` utazame chini ya mstari wa kadi ya picha (VGA) kama i915, draiva ya Intel, inatumika. Kama haipo, andika `cat /proc/cmdline` uone maneno ambayo mfumo uliwashwa nayo. Ukikuta neno `nomodeset`, chanzo ni hicho: mafundi huliweka wakati wa kusakinisha ili skrini isiwe nyeusi, nalo huzuia draiva ya Intel kuushika mtambo wa picha. Jaribu kwanza kuliondoa bila kubadili faili lolote: kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapowaka, bonyeza `e`, futa neno hilo, kisha Ctrl+X. Skrini ikikaa sawa, lifute pia kwenye `/etc/default/grub`, uyaache maneno mengine kama yalivyo, halafu `sudo update-grub`. Huhitaji kupakua draiva hiyo, kwani inakuja na keneli (kiini cha mfumo) ya Debian.

Mwalimu wa Ujiji
Nashukuru sana. `nomodeset` lilikuwemo, nimelifuta kama ulivyoelekeza, na sasa xrandr inaonesha eDP-1 (kioo cha ndani) ikiwa na 1366 kwa 768. Maelezo ya cvt nimeyahifadhi kwa ajili ya projekta ya shule.