Gofu la kuzuru na rafiki: bweni lililofungwa, Shimoni au Fort Jesus?

Kamera_ya_Tudor (mleta mada)
Salamu wana-Mvita, watu wa Mombasa. Mimi na rafiki yangu twatafuta siku moja ya kupiga picha kwenye jengo lililokuwa jela, hospitali au shule kisha likahamwa. Gari hatuna. Tumebakiza matatu: bweni la ghorofa mbili upande wa bara lililofungwa miaka mingi, jengo kongwe la utawala wa Kiingereza na jela yake kule Shimoni, au Fort Jesus. Lipi lina mvuto, lipi lina hatari, na tubebe nini?

Binti_Kibokoni
Fort Jesus ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo isiyotisha kuliko zote. Wengi waijua kwa Wareno waliojenga 1593 hadi 1596, wakasahau kwamba ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho 1962. Lakini imetengenezwa, imefagiwa, walinzi wapo, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ule utisho mwende nao wenyewe kutoka nyumbani. Mkienda, ingieni mapema kabla mabasi ya wanafunzi hayajashusha. Ikifika saa nne hakuna pembe isiyo na sare za shule.

Fundi_Chokaa
Ndugu mleta mada, hayo majengo si ya aina moja, na kila aina huua kwa njia yake.

Bweni la bara bila shaka ni la zege. Majengo mengi ya pwani yalichanganywa kwa mchanga wenye chumvi, na hewa ya bahari ikaongeza. Chumvi ikifika kwenye nondo, yaani vyuma vilivyo ndani ya zege, nondo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Zege hupasuka kutoka ndani. Kabla ya kuingia chumba chochote simameni mlangoni, mulikeni dari kwa tochi ya pembeni, si ya moja kwa moja, ili kivuli kionyeshe palipovimba. Mkiona mistari ya rangi ya kahawia inayokwenda sambamba, hiyo ni nondo inajichora. Mkiona nondo yenyewe, chumba hicho ni cha kupigwa picha kutoka mlangoni. Kipande cha unene wa vidole viwili kikianguka kutoka mita tatu hakiulizi jina. Kofia ngumu ya fundi, kila mtu yake.

Majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa ni habari nyingine. Ukuta una unene wa karibu nusu mita, hauanguki ovyo. Kinachoanguka ni sakafu ya juu, kwa sababu imebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Waswahili ni vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi: boriti haifiki zaidi. Boriti huoza kwenye ncha iliyozama ukutani, pale maji yanapojificha, huku katikati ikionekana nzima kabisa. Basi kagueni kutoka chini. Chomeni ncha kwa bisibisi. Ikizama kama siagi, msipande ghorofani hata kama ngazi ni imara. Na pale mtu aliporipu ukuta wa chokaa kwa saruji, gongeni kwa kifundo cha kidole. Saruji hufungia unyevu ndani, mawe nyuma yake hugeuka unga. Sauti ya mtungi mtupu maana yake msiegemee.

Mbuyuni_Boy
Fundi kasema ya juu, mimi naongeza ya chini. Kwenye majengo yaliyofungwa bara, vifuniko vya karo na visima vyote vimeshauzwa kwa vyuma chakavu. Vyuma vya kushikia kwenye ngazi pia. Majani yakiota juu ya shimo huoni kitu. Mmoja mbele na fimbo akigonga kila hatua, mwenzake nyuma hatua tano, msitembee sambamba. Wote wawili mkizama, nani atapiga simu?

Viatu vya soli nene, si malapa. Mateja hulala humo na sindano ziko sakafuni, hasa vyumba vya pembeni visivyoonekana barabarani.

Dada_Mkanyageni
Popo, jamani. Watu huogopa mashetani wakasahau popo. Mavi yao yakikauka yaweza kuwa na kuvu inayoingia mapafuni na kuleta homa na kikohozi cha wiki kadhaa. Barakoa ya N95, si ya kitambaa, na msifagie wala kupiga teke rundo lolote. Ukisikia harufu kali ya mkojo inayochoma macho, rudi. Paa la kijivu lenye mawimbi likivunjikavunjika laweza kuwa la asbesto, hapo pia msitibue vumbi. Mkisikia mvumo wa nyuki kwenye dari, hakuna mjadala.

Kuhusu Shimoni: ni kilomita kama 80 kusini mwa Mombasa. Vukeni feri ya Likoni alfajiri, kwa miguu hamlipi, mpande matatu ya kuelekea Lunga Lunga, mshuke kwenye njia panda, bodaboda awamalizie. Pale mna mawili kwa safari moja, jengo na pango la watumwa, ambalo wanakijiji wenyewe ndio wasimamizi. Pango lina unyevu, lenzi hufanya ukungu. Mfuko wa kamera ufungueni dakika kumi kabla ya kuanza. Kwa maoni yangu hili ndilo linalowafaa. Geuzeni kabla ya saa kumi jioni.

Binti_Kibokoni
Nakubaliana na Dada. Ila kama mwataka ukimya wenyewe, mbona hamkutaja Jumba la Mtwana, baada tu ya daraja la Mtwapa? Mahame ya karne ya 14 na 15, misikiti, nyumba, na kaburi lenye aya isemayo kila nafsi itaonja mauti, mawimbi yakipiga hatua chache pembeni.

Mbuyuni_Boy
Hilo ni mji, dada, yeye ataka jela.

Kamera_ya_Tudor
Shukrani. Shimoni imepita. Bweni tungali twalitamani, mlinzi yuko getini na yuaonekana mtu wa kuelewana.

Fundi_Chokaa
Kuelewana na mlinzi si ruhusa. Sheria ya kuingia mali ya mtu, Sura ya 294, haimjui mlinzi, yamjua mwenye mali. Tafuteni barua kwa mwenye jengo, iwe na majina yenu mawili, namba za vitambulisho, tarehe na saa. Toeni nakala tatu: moja kwenu, moja kwa mtu aliye nyumbani anayejua mwatoka saa ngapi, na moja muiache getini, maana mlinzi wa zamu ya jioni hajui mlichokubaliana na wa asubuhi. Na msiende baina ya Aprili na Mei. Mvua ya masika hulowesha dari zile, na zege lililopasuka likinywa maji huwa zito.