Seva zote ziwe mashine pepe, au kuna zinazopaswa kubaki za chuma?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo kila nikiligusa kazini watu wanagawanyika, tulichambue bila kutukanana.

Taasisi ikiamua kuachana na utaratibu wa kila kazi kuwa na seva yake na kuhamia kwenye mashine pepe, ihamishe kila kitu? Msimamo wangu: ihame, tena isisubiri, ila chochote utakachokihitaji kuuwasha mfumo siku umezimika kisikae ndani ya mfumo huohuo. Wenzangu wanaona huo ni uoga wa kizamani.

Kwa wasio wa fani: mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake. Seva moja kubwa ya chuma, yaani kompyuta halisi ya kushikika, inawekewa programu iitwayo haipavaiza, nayo inagawa prosesa, RAM na diski kwa mashine kumi au ishirini, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Wala si jambo la juzi. IBM walilianza kwenye kompyuta zao kubwa miaka ya 1960, na VM/370, mfumo wao wa mashine pepe, ilitangazwa 1972. Sisi wa seva za kawaida ndio tuliochelewa: VMware ilianzishwa 1998, haipavaiza yao ya ESX ikatoka 2001, Intel na AMD wakaweka msaada wake ndani ya prosesa zenyewe 2005 na 2006. Mwaka 2007 KVM, haipavaiza ya bure, ikaingia kwenye kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi wa Linux, kwa hiyo hata kisingizio cha "hatuna hela ya leseni" kikapungua nguvu.

Faida sibishi. Nimewahi kurithi chumba chenye seva 14. Ukifungua grafu za prosesa, 11 kati yake hazivuki asilimia 8 kutwa nzima. Zinakula umeme, zinatoa joto, kiyoyozi kinahangaika kuzipoza, na kazi yake kubwa ni kusubiri. Zote zikaingia kwenye seva tatu na nafasi ikabaki.

Kilichonitia adabu ni usiku mmoja. Umeme ukakatika, jenereta ikagoma, betri za UPS zikaisha. Uliporudi tukaziwasha zile tatu, zikawaka bila shida. Mashine pepe? Hakuna hata moja iliyoamka. Kumbe storeji, yaani lile kabati la diski zinakokaa mashine zote, ilikuwa imeunganishwa kwa jina badala ya anwani ya IP, na seva ya DNS ya kulitafsiri jina hilo ilikuwa nayo ni mashine pepe, imelala ndani ya storeji hiyohiyo. Haya, tuingie kwenye konsoli ya usimamizi. Nayo ni mashine pepe. Basi tuingie moja kwa moja kwenye seva kwa nenosiri la mkuu wa mfumo. Nenosiri liko kwenye programu ya kutunza manenosiri, na programu hiyo iko... Mwenzangu alicheka kile kicheko cha mtu anayekaribia kulia. Saa nane usiku nenosiri likapatikana kwenye daftari la fundi aliyezisimika, amelala kwake, akatusomea kwa simu herufi moja moja. Tukaandika jina na anwani ya storeji kwa mkono kwenye kila seva, mashine zikaanza kuamka.

Tangu siku hiyo mimi naacha seva mbili ndogo za chuma nje ya klasta, yaani lile kundi la seva zinazobeba mashine pepe kwa pamoja: moja ya DNS na akaunti za watumiaji, nyingine ya bakapu, yaani nakala za akiba. Nipingeni.

Fundi wa raki

Mkuu pole, ila hapo unaisingizia mashine pepe. Kosa ni la mpangilio wenu. DNS ungeiweka kwenye diski ya ndani ya seva mojawapo, storeji ukaiunganisha kwa IP, nenosiri likaandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwenye kasiki. Tatizo limekwisha, na hujanunua chuma chochote.

Hizo "mbili ndogo za chuma" nazijua, nimezizika nyingi. Mwaka wa kwanza zinapendwa. Mwaka wa tatu hakuna anayekumbuka kuziwekea masasisho. Mwaka wa sita pawa saplai inakufa na ya aina hiyo haitengenezwi tena. Ukichukua diski yake ukaichomeka kwenye seva ya aina nyingine, mfumo endeshi unashangaa: draiva si zake, kadi ya mtandao haitambui. Mashine pepe ni mafaili tu. Seva ikifa, mafaili yanafunguliwa kwenye seva nyingine na baada ya kukatika kidogo watumiaji wanaendelea na kazi. Kwangu mimi zote ndani, asilimia mia.

Msaini malipo

Mimi si fundi, mimi ndiye ninayeombwa hela. Tuliambiwa tukihamia tutaokoa. Umeme ulishuka kweli, sikatai. Lakini mkaja kuomba storeji, ikafuata swichi za kasi, ikafuata seva ya ziada "ya akiba" ambayo nikipita naambiwa haina kazi. Halafu Broadcom wakainunua VMware Novemba 2023, mwezi uliofuata wakaacha kuuza leseni za kudumu, sasa ni usajili, na wanahesabu kwa viini vya prosesa, visivyopungua 16 kwa kila prosesa hata kama yako ina 8. Nani aliweka hilo kwenye andiko la mradi?

Mleta mada

Boss, hiyo seva "isiyo na kazi" ndiyo kazi yenyewe. Klasta ya seva tatu usiijaze kupita theluthi mbili, maana moja ikianguka mizigo yake lazima ibebwe na mbili zilizobaki. Ukizijaza zote hadi asilimia 90, siku moja ikifa nyingine hazina pa kuiweka, na hapo hujajenga klasta, umenunua tu seva tatu za bei mbaya. Anayekuahidi kuokoa hela bila kukuonyesha nafasi ya akiba anakuuzia andiko.

Kuhusu leseni una haki ya kununa. Zipo nyingine: ipo Proxmox inayotumia KVM, ipo Hyper-V ya Microsoft kwa wanaolipia Windows tayari. Ila kuhama haipavaiza nako kuna gharama, hasa ya watu kujifunza upya wakati kazi zinaendelea.

Mlinzi wa mtandao

Mnazungumzia umeme na hela, mimi nawaletea wezi. Februari 2023 seva nyingi za ESXi, haipavaiza ya VMware, zilizokuwa wazi kwenye intaneti zilivamiwa. Wavamizi wakayafunga mafaili ya mashine pepe kwa msimbo na kudai fidia. Tundu walilopitia lilikuwa na kiraka, yaani sasisho la kuliziba, tangu Februari 2021. Miaka miwili! Watu waliogopa kuizima haipavaiza ili waisasishe, maana ukiizima umezima kila kitu kilicho juu yake.

Zamani mwizi alitakiwa kuvunja seva moja moja. Sasa akishika haipavaiza anazikuta zote zimepangwa mbele yake, na antivirusi uliyoweka ndani ya kila mashine haioni kitu kwa sababu yeye anapitia chini ya sakafu. Ndiyo maana kwenye bakapu nasimama na mleta mada: iwe chuma, iwe pembeni, na akaunti zake zisiwe zile za klasta. Kwenye DNS sina ugomvi na yeyote.

Mzee wa bakapu

Snapshoti si bakapu. Nimemaliza.

Mgeni wa fani

Mzee wangu, shikamoo. Samahani, kwa nini? Mimi ndiyo ninazotumia.

Mzee wa bakapu

Marahaba. Snapshoti haiweki nakala ya diski. Inaigandisha diski ya mwanzo, kisha kila badiliko linaandikwa kwenye faili la pembeni. Diski ya mwanzo ikiharibika, faili la pembeni halikusaidii chochote, ni nusu ya barua. Na usipoifuta linaendelea kunenepa kimyakimya. Nimeona moja iliyosahauliwa miezi minne ikajaza storeji yote, mashine ambazo hazikuhusika zikasimama saa nne asubuhi watu wako foleni. Itumie kabla ya kuweka sasisho, ukiridhika ifute siku hiyohiyo. Nenda kaangalie zako sasa hivi, mjukuu wangu, usisubiri kumaliza kusoma.

Msimamizi wa hifadhidata

Na sisi wa hifadhidata kubwa? Yangu inakula RAM yote ya seva na diski haipumui. Nikiiweka pepe inakaa peke yake kwenye seva nzima. Nimepata nini? Na Oracle, wenye programu ya hifadhidata, ukiiweka kwenye VMware wanataka walipwe kwa viini vyote vya chuma ambavyo mashine inaweza kuhamia, si vile ilivyopewa.

Fundi wa raki

Umepata uhuru wa kuihamisha siku chuma kinachakaa, hilo tu. Kwa leseni hiyo ya Oracle, itengee klasta yake ndogo au iache ilipo. Sikufichi.

Mleta mada

Fundi, "asilimia mia" yako imeanza kushuka, naandika hapa pembeni.

Nami nirudi nyuma kidogo. Hoja ya DNS kwenye diski ya ndani naikubali. Nilichokitaka ni DNS iwe nje ya mduara ule wa kutegemeana, chuma kwangu ilikuwa njia tu. Bahasha nayo naikubali, ila nauliza: nani kati yenu amewahi kuzima kila kitu kwa makusudi siku ya mapumziko, akafungua bahasha, akaona kama kweli vinaamka? Sisi tulipojaribu mara ya kwanza, nenosiri la kwenye bahasha lilikuwa limeshabadilishwa miezi mitano nyuma. Kwenye bakapu sisogei hata hatua.

Mgeni wa fani

Mzee, nimekuta saba. Nazifuta moja moja.

Swali jingine wakuu. Programu yetu ya uhasibu ina kile kidude cha leseni cha kuchomeka kwenye USB. Mashine pepe ikihamia seva nyingine, kidude kinabaki nyuma na programu inakataa kufunguka. Mnafanyaje?

Mleta mada

Kwanza mwombe aliyewauzia awape leseni ya faili. Akikataa, kuna vifaa vya kupitisha USB kwenye mtandao: kidude kinakaa kwenye raki na mashine inakiona popote ilipo. Vikigoma, iache kwenye chuma chake. Fundi, wewe kwako ulifanyaje?

Fundi wa raki

Ipo moja, chini ya meza. Imebandikwa karatasi: USIZIME.

Msaini malipo

Kumbe ile ni yako?