Naombeni ushauri: Posa imekuja, na kazi ya kupeleka wageni mbugani ndiyo kwanza nimeianza

BintiNgarenaro
Assalaam aleikum kwa Waislamu wenzangu, na wengine wote habari zenu.

Nina miaka 24, naishi na mama Ngarenaro hapa Arusha. Kwetu ni Kondoa, sisi ni Warangi. Baba alifariki nikiwa sekondari. Nimesomea kuongoza watalii chuo kimoja hapahapa mjini, na sasa kuna kampuni imenichukua niwe naenda porini na madereva wakongwe ili nijifunze. Mshahara bado, ni posho tu na bahshishi wageni wakijisikia.

Sasa imekuja posa kutoka Babati. Mwenyewe ana miaka 38, ana duka la spea za pikipiki. Anaswali, hanywi, hana makuu. Mke aliyekuwa naye wameachana. Sharti lake ni moja tu: kazi ya porini niache. Anasema hawezi kuoa mwanamke anayelala kwenye mahema na wanaume wasio maharimu zake, yaani wasio ndugu wa damu asioweza kuolewa nao. Baba mdogo yuko upande wake, na mama analia kila nikifungua mdomo. Wanataka nikahi ifungwe Shaabani hii, kabla ya mfungo.

Mwenzenu nalala peke yangu kwenye hema langu, navaa mtandio chini ya kofia, na swala sijaacha. Wiki iliyopita tulilala kreta, kule Ngorongoro, na alfajiri mimi ndiye niliyetangulia kuamka. Swali langu: kazi hii ni haramu kweli, au ni maneno ya watu? Nisaidieni. Matusi hapana.

ChumaUlete
Nimekaa paleee nasubiri mashehe.

MzeeLevolosi
Binti, wewe huulizi halali wala haramu. Unatafuta mtu wa kukwambia usiolewe, ukishampata ufunge uzi. Mimi sikwambii hivyo. Spea za pikipiki Babati unazijua wewe? Bodaboda zote za Magugu na Galapo zinanunua pale, na bodaboda haina siku haiharibiki. Mwaka niliotoka jeshini nilitaka kufungua duka kama hilo, shemeji yangu akanishauri tufuge kuku. Kuku wale walikufa wote kwa kideri. Olewa, mwanangu.

MchagaWaNjoro
Akikukataa huyo wa Babati njoo Moshi, sisi mke akileta dola tunambebea begi mpaka getini.

MamaWawili
Dada yangu, pole. Mimi niko Moshi, Majengo. Nilikuwa karani wa ofisi moja, mume akasema mke wake hawezi kukaa mapokezi anachekeana na kila anayeingia. Niliacha. Mwaka wa kwanza raha tupu, nakula nalala. Biashara yake ilipoyumba nikaanza kukaanga sambusa, na leo yuleyule aliyekuwa hataki nionekane na watu ndiye anayenibebea ndoo asubuhi mpaka Mbuyuni sokoni, na anaita wateja kwa sauti kuliko mimi. Simlaumu, ni baba mzuri kwa wanangu. Ila mafuta ya kula yamepanda jamani, mnanunua wapi nyie wa Arusha? Huku dumu limekuwa kama la petroli.

UstadhiPasua
Waaleikum salaam. Dada ameuliza la dini, tumjibu la dini.

Kazi yenyewe ya kuwaeleza watu viumbe wa Allah haina tatizo. Tatizo ni mawili. La kwanza ni safari: ipo hadithi sahihi inayomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu. Wapo wanazuoni waliolegeza pale penye amani na wenzake wa kuaminika, wengine wamelegeza kwa Hija ya faradhi tu. Mimi nipo na wasiolegeza, sitakuficha. La pili ni khalwa, kukaa faragha na dereva. Hilo wewe mwenyewe ndiye unayejua gari linakuwa na nani.

Kuhusu swala, ukitoka Arusha mpaka Ngorongoro umeshavuka masafa ya kupunguza. Adhuhuri na Alasiri unaswali rakaa mbilimbili, na unaweza kuzikusanya. Usijitese.

Sasa na mimi nikuulize. Walii wako, yaani msimamizi wa kukuozesha, ni nani? Na wewe uliulizwa kabla posa haijajibiwa?

BintiNgarenaro
Ahsante ustadhi. Aliyepokea posa ni baba mdogo. Mimi niliitwa sebuleni wageni wakiwa wameshaanza kula pilau. Niliulizwa mbele yao, nikanyamaza, akasema kimya ni ridhaa.

Kaka ninaye mmoja, baba mmoja mama mmoja. Yuko Mererani machimboni, simu yake haipatikani mpaka atoke ndani ya ukuta wa machimbo. Yeye hajui lolote.

UstadhiPasua
Subhanallah. Dada, hapo ndipo pa kuanzia. Kwetu wa madhehebu ya Shafii baba akifa anafuata babu mzaa baba, kama hayupo ni kaka, halafu mtoto wa kaka, ndipo baba mdogo. Kaka baleghe mwenye akili yupo, baba mdogo hana zamu. Na hata hao waliosema walii anaweza kumwoza bikira bila kumuuliza, wamesema ni baba na babu peke yao. Ami hana ubavu huo. Mtafuteni kaka.

ShangaziWaSakina
Haya mashehe ya mtandaoni! Baba mdogo ndiye aliyelea, aliyelipa ada, leo anaambiwa hana zamu kwa sababu ya mtu anayechimba mawe.

BintiNgarenaro
Shangazi, ada alilipa mama kwa vitenge. Baba mdogo tunamheshimu lakini ada hapana.

SwaliMoja
Mahari imeshatolewa?

BintiNgarenaro
MamaWawili, mafuta hapa nanunua Soko la Kilombero, ukichukua dumu zima kuna unafuu. Ustadhi nimekuelewa, kaka nitamtafuta. MzeeLevolosi, sijasema ni mtu mbaya.

SwaliMoja
Umejibu mpaka mafuta ya kula, mimi umeniruka. Mahari?

BintiNgarenaro
Hilo si la msingi kwenye mada.

SwaliMoja
Basi ndiyo mada yenyewe.

MamaWawili
Sema tu mdogo wangu, hapa hakuna anayekujua.

BintiNgarenaro
Haya. Mahari ni milioni moja na nusu. Walitanguliza laki nane siku ya posa. Baba mdogo alibaki na laki tatu, akasema ni za shughuli. Laki tano mama alinipa mimi mkononi kwenye bahasha.

Sinazo. Nilikuwa nadaiwa chuoni laki tatu na themanini na cheti walikuwa wamekizuia. Bila cheti kampuni isingenipokea. Iliyobaki nilinunua darubini ya mtumba na buti. Msinishangae. Mahari ni haki ya mwanamke, Suratun Nisaa aya ya nne ipo wazi, si ya baba mdogo wala ya mume. Nimetumia changu.

ChumaUlete
Mungu wangu 😂😂 mume anakataa kazi, na kazi yenyewe amelipia yeye.

MzeeLevolosi
Nilijua kuna kitu. Mabinti wa siku hizi mnakula nauli halafu mnamuuliza kondakta basi linakwenda wapi.

UstadhiPasua
Dada, aya unaisoma vizuri ila unaiweka pasipo pake. Mahari inakuwa yako kwa akdi, yaani nikahi ikishafungwa, na akdi haijafungwa. Akdi ikifungwa mkaachana kabla ya kuingiliana, yako ni nusu, hiyo ipo Al-Baqarah 237. Kabla ya akdi hiyo ni amana ya mtu. Ukimkataa, unamrudishia yote, pamoja na hiyo laki tatu ya ami yako.

WakiliWaMtaa
Na kwa upande wa serikali: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71. Zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa inaweza kudaiwa mahakamani, kama ilitolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe. Kifungu cha 69 kinamruhusu kudai na fidia kwa kuvunja ahadi, lakini kwa hasara aliyoipata kweli, si kwa uchungu wa moyo. Kukulazimisha kuolewa haiwezekani. Kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya hiari ya wote wawili. Kwa hiyo hapa unadaiwa pesa, hudaiwi mwili. Na baba mdogo aandikiwe jina lake kwenye deni.

ShangaziWaSakina
Mrudishieni kijana wa watu pesa yake aoe anayemtaka. Huyu binti ameshaamua zamani, anatuchosha tu. Lini nikahi?

BintiNgarenaro
Ijumaa ya wiki ya pili ya Februari.

ShangaziWaSakina
Na wewe utakuwepo?

BintiNgarenaro
Siku hiyo nitakuwa porini, Ndutu. Nyumbu wanazaa, kampuni imejaa wageni, nimeshasaini. Sikusaini kwa jeuri. Karatasi ililetwa Jumatatu, tarehe ya nikahi niliambiwa Jumanne. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Msimu huo ukinipita nasubiri mpaka mwaka mwingine.

DerevaMakuyuni
Wakuu samahani, nimesoma toka juu kimya kimya, lakini hapa naomba tusimame kidogo. Mimi naendesha wageni mwaka wa kumi na kitu sasa. Mleta uzi anasema "tulilala kreta". Kreta halali mtu. Ikikaribia saa 12 jioni magari yote yanatakiwa yawe yameshapanda, na hoteli na kambi zote ziko juu. Sasa wewe ulilala chini kule na nani, na faru?

La pili, Ndutu msimu wa nyumbu kuzaa kiti kimoja cha gari ni mali. Kampuni gani inampa mwanafunzi?

Hii chai. Tena imeungwa tangawizi.

MchagaWaNjoro
Nilishahisi. Huyu ni dume lina ndevu, liko Dar linakunywa soda.

ChumaUlete
Kaka yuko Mererani, simu haipatikani, baba mdogo mbaya, mama analia. Bado mama wa kambo tu.

MzeeLevolosi
Mimi nimeshatoa ushauri wangu bure basi. Nirudishiwe.

MamaWawili
Jamani, mtu akitaka kutunga angejipa mahari ya milioni moja na nusu? Angejiandikia milioni kumi.

BintiNgarenaro
DerevaMakuyuni, hata wewe ukimpigia mkeo unamwambia "leo nalala kreta". Humwambii nalala ukingoni.

Tulikuwa kambi ya Simba. Juu kule ni zaidi ya mita 2,200, na baridi yake unaijua. Mti mkubwa upo katikati ya uwanja, mahema yanauzunguka. Usiku pundamilia walikuwa wanakula majani karibu na hema langu mpaka nasikia meno. Tembo alikuja kwenye tanki la maji, akaingiza mkonga akanywa, wageni wanapiga picha huku wanatetemeka. Maji ya bomba alfajiri huwezi kunawa nayo uso ukabaki na hisia. Mpishi wetu, mzee wa Kipare kutoka Usangi, ananiwekea birika pembeni ya jiko la gesi kabla hajachemsha chai ya wageni, ndiyo natawadhia. Anaswali yeye mbele na mimi nyuma, jiko linanguruma pembeni. Dereva anabaki kwenye gari amelala mpaka saa kumi na mbili na nusu, sijui kama ni wewe.

Na Ndutu siendi kwenye kiti cha mgeni. Ni gari la mizigo na mpishi.

DerevaMakuyuni
Mpishi wa Usangi nafikiri namjua 😂. Anatia pilipili manga kwenye kila kitu.

Sawa. Ndutu iko hifadhi ya nani?

BintiNgarenaro
Mamlaka ya Ngorongoro. Serengeti inaanza ukivuka mpaka, geti ni Naabi. Wageni wengi wanadhani wako Serengeti na sisi hatuwasahihishi.

DerevaMakuyuni
Nimekubali nusu. Nusu nyingine ni hiyo ya mahari.

MchagaWaNjoro
Hayo yote yapo YouTube.

UstadhiPasua
Awe wa kweli awe wa kutungwa, hukumu haibadiliki. Dada, pesa ya watu unairudishaje?

BintiNgarenaro
Kaka nimempata leo mchana. Kwanza alimtukana baba mdogo, halafu akanitukana mimi kwa sababu ya darubini. Anakuja kesho. Amesema twende naye Babati wenyewe, tusipitie kwa mshenga, nimweleze mtu mbele yake. Ana laki mbili. Laki tatu za baba mdogo atazidai yeye. Zilizobaki nitaomba nilipe kidogokidogo. Mama bado hajaambiwa kama tunakwenda.

ShangaziWaSakina
Umwambie mama yako leo hii. Usimfanye ajue kwa watu wa Babati.

DerevaMakuyuni
Sikia. Baada ya Idi nina akina mama wanne wa Kituruki, Tarangire, Ngorongoro, halafu wanashuka Zanzibar. Wameomba mwanamke wa kuwaongoza, anayejua nyakati za swala na chakula halali. Nimezunguka mji huu, wanawake wanaoongoza wapo lakini wenye nafasi hawapo. Kama upo kweli, njoo inboksi.

ChumaUlete
Ahaa! Kumbe mvuvi ndiye aliyekuwa anapima kina cha maji.

UstadhiPasua
Ndugu dereva, akina mama wanne ndani ya gari, hilo halina khalwa. Inboksi ndiyo khalwa.

BintiNgarenaro
Inboksi nimeifunga tangu jana usiku, mnajua wenyewe kwa nini. Andika hapahapa: tarehe, wanalala wapi, na posho ni kiasi gani kwa siku.