Sayansi ya siasa katika chuo kidogo, Mtwara

Swali (Masasi): Shikamooni wakubwa. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na ninafikiria kusoma shahada ya sayansi ya siasa katika chuo kidogo cha huku kwetu badala ya kwenda Dar es Salaam. Je, nitapungukiwa?

Jibu (Mikindani): Marahaba. Maktaba ndogo itakukera, hilo usifichwe. Hata hivyo, darasa lenye wanafunzi wachache humlazimu kila mmoja kutetea hoja yake, na mhadhiri huisoma insha yako mwenyewe na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Ushahidi uko wapi?"

Jibu (Lindi): Mdogo wangu, mada ziko mlangoni kwako. Stakabadhi ghalani ya korosho, yaani mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti hadi yauzwe mnadani, ulioanzia Mtwara mwaka 2007, na maandamano ya mwaka 2013 ya kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, yote yanauliza nani huamua na nani hunufaika. Hudhuria mnada wa korosho, uwasikilize wakulima wakibishania bei na makato kabla ya kukubali kuuza. Mihadhara michache hufikia hapo.

Jibu (Newala): Kwanza hakikisha programu hiyo imeidhinishwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kisha uangalie kama mtaala una mbinu za utafiti na takwimu. Wengi huzikwepa, halafu hukwama mwaka wa tatu.